Kuyafumbua maneno ya Kiingereza kwa hesabu ya Kiitaliano

Malindi, mji wa pwani ya Kenya wenye wageni wengi kutoka Italia, wauza vinyago na vijana wa ufukoni huhesabu kwa Kiitaliano kila siku: uno, due, tre, quattro. Kiitaliano kimetokana na Kilatini, na viambishi vingi vya namba katika Kiingereza vimetoka Kilatini pia. Mwanafunzi wa hapa basi ana nusu ya somo mdomoni tayari.

Andika safu mbili daftarini, hesabu ya Kiitaliano na kiambishi chake: uno, uni; tre, tri; quattro, quadri; cinque, quinque au quint; sei, sex; sette, sept; otto, oct; dieci, dec; cento, cent; mille, mill. Mbili haifuati mpango huu: Waitaliano husema due, lakini kiambishi ni bi. Hiyo ikariri peke yake.

Ukikutana na neno geni, kata kiambishi kisha utazame kilichobaki. “Quadrilateral”: nne, na mzizi wa Kilatini wenye maana ya ubavu, ni umbo la pande 4. “Bicameral”: mbili, na chumba, ndivyo lilivyo Bunge la Kenya kwa Katiba ya 2010, lenye Seneti na Bunge la Taifa.

Mzizi wa mwaka, annus, ndio unaowaangusha wengi. Baada ya kiambishi, a yake kwa kawaida hugeuka e: “biennial” ni kila baada ya miaka 2, “quinquennial” kila miaka 5, kama uchaguzi mkuu wetu. “Biannual”, iliyobaki na a, ni mara 2 kwa mwaka. Ukiikosea herufi hiyo kwenye ratiba ya mikutano, watu watakuja mwaka usio wao. Annus huyohuyo ndiye anayeipa “millennium” n mbili katikati; l mbili zinatoka kwenye mille.

Kuna maneno yanayofanana tu. “Unidentified” halina moja ndani yake. Lijaribu: ondoa uni, kinachobaki hakina maana, ondoa un ya kukanusha, “identified” inabaki neno kamili. “Septic” nalo limetoka kwenye neno la Kigiriki la kuoza, wala halina saba. Septemba inayo saba kweli, ingawa ni mwezi wa 9, kwa kuwa kalenda ya kale ya Warumi ilianzia Machi.

Kwenye vipimo, cent hugeuka maana. “Century” ni miaka 100, lakini sentimita ni sehemu 1 ya 100 ya mita. Sheria ya Ufaransa ya 1795 iliweka viambishi vya Kilatini kwa sehemu ndogo (desi, senti, mili) na vya Kigiriki kwa mafungu makubwa, kama kilo. Kwa hiyo mililita ni lita 1 igawanywe kwa 1,000, na kilomita ni mita 1 mara 1,000.