Panda Darini Kabla Hujalipa

Mnunuzi wa nyumba Dar es Salaam siku hizi hadanganyiki kirahisi kwenye karatasi. Atadai hati, atapita serikali ya mtaa, atawauliza majirani kama kiwanja kina mgogoro. Likija suala la paa, anasimama uani, anatupa jicho juu mara moja, anasema "bati zuri". Hapo hajakagua kitu. Dalili nyingi za paa bovu huonekana ukiwa ndani.

Chagua siku ya kwenda. Ukiweza nenda masika, kati ya Machi na Mei, tena mvua ikinyesha. Dalali atakushangaa, mwache ashangae. Kama ni kiangazi, soma dari. Maji yakipenya kwenye jipsamu huacha doa la rangi ya chai, ukingo wake umekolea. Ukikuta dari ya chumba kimoja ina rangi mbichi huku nyingine zote zimefubaa, uliza kulikoni.

Nenda na fundi paa wako, si yule aliyeletwa na mwenye nyumba, na siku nyingine ya jua aingie darini saa sita mchana. Akishafika azime tochi: penye tundu patapitisha mwanga. Kisha aiwashe aangalie kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, na papi, mbao zinazopigiliwa bati. Achome mbao kwa bisibisi, hasa pale zinapokalia ukuta. Ikizama bila nguvu, zimeoza au zimebunguliwa. Akiona njia za udongo zimepanda ukutani, huo ni mchwa, na bei mliyokuwa mnaizungumzia ianze upya.

Bati nalo lina siri yake. Namba ya geji ikipanda, unene unapungua: geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 kuliko 28. Usikubali kuambiwa tu, lipimwe. Kwa nyumba za karibu na bahari, Kigamboni au Kunduchi, chumvi haina huruma. Kutu hutangulia kwenye misumari na pale bati moja linapolalia jingine. Na waliofunga dishi au hita ya maji ya jua, waliacha matundu gani?

Nyumba zinazonitia wasiwasi zaidi ni hizi za kisasa zenye paa lililofichwa nyuma ya ukuta. Zinapendeza barabarani, lakini maji yote hukusanyika kwenye mfereji mmoja ambao hakuna anayeuona. Majani yakiziba bomba, maji hurudi chini ya bati. Panda na ngazi ukauone mfereji wenyewe, kisha zunguka nje utafute plasta iliyovimba.

Nyumba kongwe zinaweza kuwa na vigae au mabati ya asbesto. Hayo fundi asiyakate, asiyatoboe, asiyasugue, kwa kuwa vumbi lake husababisha saratani. Kuyaondoa ni kazi ya wataalamu, na gharama yake iingie kwenye mapatano.

Wewe unayeuza, ziba kinachovuja kabla hujapaka rangi, na utunze risiti za mabati na mbao za dawa, zile zilizotiwa dawa ya kuzuia wadudu. Mnunuzi akigundua doa lililofichwa ataanza kutilia shaka hata hati yako. Kama hutaki kutengeneza, sema wazi, mpunguze bei, na mliandike hilo kwenye mkataba kabla ya malipo ya kwanza.