Uvimbe Shingoni: Namna ya Kujikagua na Vipimo vya Kuulizia

Simama mbele ya kioo penye mwanga wa kutosha, inua kidevu kidogo, kisha meza funda la maji huku ukitazama sehemu iliyo chini ya kikoromeo. Hapo ndipo ilipo tezi ya thairoidi, yenye umbo la kipepeo, na kwa kuwa imeshikamana na koo la hewa, hupanda na kushuka kila unapomeza. Uvimbe unaopanda pamoja nayo huenda umetoka katika tezi hiyo, lakini kioo hakiwezi kukuambia kama ni goita ya kawaida au ni saratani.

Hospitalini yapo maswali mawili, na wagonjwa wengi huyachanganya. La kwanza ni kama tezi inafanya kazi ipasavyo, na hilo hujibiwa na kipimo cha damu cha TSH, yaani homoni inayoiamuru tezi kufanya kazi. Tezi iliyolegea humfanya mtu achoke, ahisi baridi, anenepe na apate choo kigumu. Iliyozidisha kasi huleta mapigo ya moyo ya haraka, mikono kutetemeka na kukonda ingawa mtu anakula vizuri. Swali la pili ni uvimbe wenyewe ni kitu gani, na damu hailijibu: mwenye saratani ya thairoidi mara nyingi majibu yake ya TSH huwa ya kawaida kabisa. Kwa hiyo, ukiambiwa damu ni nzuri ilhali uvimbe upo, uliza kuhusu ultrasaundi, na ikionyesha dalili za kutia shaka, uliza kuhusu kuchukuliwa seli kwa sindano nyembamba ili zikaangaliwe kwa hadubini.

Vivimbe vingi vya tezi hii si saratani, na aina ya saratani inayopatikana zaidi, yaani papilari, kwa kawaida hukua polepole na hutibika vizuri. Hata hivyo usingoje ikiwa sauti imekwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, uvimbe unakua haraka, kumeza kumekuwa kugumu, au shingo iliwahi kupigwa mionzi ya tiba utotoni. Kupumua kwa shida ni jambo la dharura.

Chumvi yenye madini joto hukinga goita itokanayo na upungufu wa madini hayo, tatizo lililojulikana sana katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Ihifadhi katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na mvuke wa jikoni. Haiyeyushi uvimbe uliokwisha kuota.

Aliyeondolewa tezi yote humeza levothairoksini, dawa inayochukua nafasi ya homoni ya tezi, maisha yake yote. Kidonge humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya asubuhi. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo wajawazito hupewa kliniki, vikae mbali nacho kwa saa nne, kwani huzuia dawa isifyonzwe.