Kuomba nafasi katika vyuo vidogo vya sanaa huria Marekani: anza na fedha

Majina ya Amherst, Williams, Swarthmore, Bowdoin na Pomona hayavumi huku kwetu kama Harvard, lakini kuingia huko ni kugumu kuliko kuingia vyuo vikuu vingi vinavyovuma. Ni vyuo vya wanafunzi 1,600 hadi 2,200 hivi, karibu wote wa shahada ya kwanza, na katika kila waombaji 100 huchukua chini ya 10. Unaingia bila kutangaza fani, unasoma masomo ya pande mbalimbali, kisha unachagua fani kuelekea mwisho wa mwaka wa pili. Madarasa ni madogo. Williams ina kozi ambazo wanafunzi wawili tu hukaa na profesa mmoja: wiki hii mmoja anaandika na mwenzake anakosoa, wiki ijayo wanabadilishana.

Jua mapema kwamba udaktari na sheria Marekani husomwa baada ya shahada ya kwanza, na huko ufadhili kwa mgeni ni haba sana. Anayetaka uhandisi aangalie Swarthmore, au Smith kwa wasichana. Vyuo vingi vya aina hii havina.

Orodha ya vyuo hupangwa kwa fedha

Gharama za mwaka mmoja, pamoja na chakula na malazi, zimepita dola 85,000. Kwa hiyo kila chuo kiulizwe maswali mawili. Je, kinalipa pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia? Na je, kuomba msaada kunapunguza nafasi ya mgeni kuchaguliwa?

Amherst na Bowdoin hulipa pengo lote na hawaangalii mfuko wa mwombaji wakati wa kuchagua, hata akiwa raia wa kigeni. Swarthmore nayo hulipa pengo lote la aliyekubaliwa, ila kwa mgeni uhitaji wake huingia kwenye mizani. Vyuo vingi vizuri viko kundi hili la pili. Kundi la tatu hutoa kiasi tu na kukuachia deni la dola elfu kumi au ishirini kila mwaka. Barua ya kukubaliwa ya chuo cha namna hiyo, kwa familia isiyo na fedha, ni karatasi tu.

Wapo wanaoshauriana kuficha uhitaji, waingie kwanza, fedha waombe baadaye. Usithubutu. Vyuo vingi humkatalia mgeni ambaye hakuomba msaada tangu mwanzo, na baadhi humfungia mlango huo miaka yote minne.

Common App, fomu moja ya mtandaoni inayotumiwa na vyuo vingi, hukuruhusu kuomba vyuo 20. Vinane hadi kumi vinatosha, kwa sababu kila kimoja kinaweza kudai insha zake za ziada, na insha za kunakili hujulikana. Grinnell, Smith, Wellesley na Kenyon havitozi ada ya maombi. Kwa vingine, omba msamaha wa ada ndani ya fomu na shule yako ithibitishe.

Tarehe

Fomu mpya ya Common App hufunguliwa Agosti 1. Maombi ya mapema yenye kukufunga (Early Decision) hukoma kati ya Novemba 1 na 15, majibu katikati ya Desemba. Unachagua chuo kimoja tu, na ukikubaliwa unakwenda, isipokuwa msaada wa fedha usipotosha. Maombi ya kawaida hukoma mwanzoni mwa Januari, majibu huja kuelekea mwisho wa Machi, nawe unajibu kabla ya Mei 1.

Kwa mwanafunzi wa Tanzania, shughuli yote huangukia kidato cha sita, na majibu hutoka kabla ya mtihani wa Mei. Asije akalegeza kamba: matokeo ya mwisho lazima yatumwe, na anguko kubwa linaweza kumpotezea nafasi. Mkenya yuko kwenye KCSE Novemba, kwa hiyo maombi ya mapema yawe tayari kufikia Septemba, la sivyo aache, aombe ya kawaida.

Faili la shule ndilo linaloangusha wengi

Chuo kinataka alama za miaka minne ya mwisho, ripoti ya shule, barua ya mshauri na, kwa kawaida, barua mbili za walimu wa masomo. Shule zetu nyingi hazina mwalimu mshauri wa kazi hii. Mwombe mwalimu wa taaluma au mkuu wa shule abebe jukumu hilo, na akubali kutumia barua pepe yake mwenyewe. Ukimfungulia wewe akaunti na kujaza kwa niaba yake, hiyo ni udanganyifu, na chuo kikigundua maombi yameisha.

Kisha kuna ufafanuzi wa alama. Msomaji wa maombi aliye Massachusetts, Marekani, akiona 58 kwenye Fizikia anadhani umefeli. Hajui kwamba aliyeongoza darasa alipata 63. Hajui pia kwamba kwa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, pointi chache ndizo bora: daraja la kwanza kidato cha nne ni pointi 7 hadi 17, na kidato cha sita ni 3 hadi 9. Shule iandae ukurasa mmoja wa Kiingereza unaoeleza hayo: idadi ya wanafunzi, mchepuo, alama ya juu na ya kati kwa kila somo, matokeo ya taifa ya miaka miwili iliyopita, nafasi yako darasani. Ukurasa huo unaweza kukusaidia kuliko rasimu ya kumi ya insha.

Barua za walimu nazo. Kwetu barua nzuri husema mwanafunzi ana nidhamu, ni mtiifu na anajituma. Kwa msomaji wa kule hiyo haimtofautishi na yeyote. Mpe mwalimu karatasi yenye mambo matatu yaliyotokea darasani kwake: swali ulilouliza na mjadala ukabadilika, jaribio la maabara lililoharibika mkalirudia, mwenzako uliyemfundisha logarithi. Maneno ni yake, wewe unamkumbusha tu. Mpe wiki nne, si siku nne.

Majina hukwamisha watu kimya kimya. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha NECTA na pasi ya kusafiria vikitofautiana, tumia jina la pasi katika fomu zote, andika majina mengine pale panapoulizwa, na andaa hati ya kiapo kwa wakili.

Shughuli na insha

Shughuli ni kumi, kila moja na herufi 150 za maelezo, nafasi zikihesabiwa. "Nilikuwa kiongozi wa klabu ya mazingira na nilisaidia kupanda miti" haielezi kitu. "Niliongoza 14, tulipanda mikorosho 300, tukamwagilia kwa zamu kiangazi chote, 210 ilishika" inaeleza. Kuuza genge saa 15 kwa wiki, kulea wadogo, kuchunga ng'ombe: vyote ni shughuli, na watu huviacha kwa aibu isiyo na sababu.

Insha kuu ni maneno 250 hadi 650. Umaskini wenyewe si mada, maana msomaji ameshausoma kwenye fomu ya fedha. Anatafuta unavyofikiri. Chagua jambo dogo unalolijua kwa undani, kisha onyesha lilivyokubadilisha mawazo. Ukiulizwa "kwa nini chuo chetu", taja kitu ambacho kingine hakina. Ukiweza kubadilisha jina la chuo na sentensi ikabaki kweli, ifute. Amherst inakubali kazi ya darasani iliyosahihishwa badala ya insha yake ya ziada, msaada mkubwa kwa aliyechoka kuandika.

Fomu ya fedha

FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali ya Marekani, haikuhusu. Vyuo vingi hivi hutumia CSS Profile, fomu ya mtandaoni ya kueleza hali ya fedha ya familia, dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata. Kabla hujalipa, andikia ofisi ya ufadhili uombe namba ya msamaha. Baadhi hukubali fomu nyingine isiyolipiwa.

Jaza kwa shilingi, na kwa mwaka. Kosa la kuweka mshahara wa mwezi kwenye kisanduku cha mwaka hutokea sana, na kinyume chake ni balaa zaidi: kipato kinaonekana mara kumi na mbili. Mzazi asiye na ajira rasmi aandike makadirio ya mavuno au mauzo, kisha apate barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, nawe uambatishe tafsiri ya Kiingereza. Kama ada yako hulipwa na mjomba, sema, na utaje kiasi, la sivyo watashangaa familia ya kipato hicho imelipaje shule ya bweni. Vifo, talaka, ndugu wanaotegemea mfuko huo huo, vyote viende kwenye sehemu ya maelezo maalumu.

Mitihani, halafu viza

SAT, mtihani wa Marekani wa kuombea chuo, ni hiari katika vingi. Bowdoin haijailazimisha tangu 1969. Alama nzuri husaidia pale ambapo shule haijulikani. Mtihani wa Kiingereza, yaani TOEFL, IELTS au Duolingo, huweza kusamehewa kwa aliyesoma sekondari kwa Kiingereza, lakini uliza chuo kwa chuo. EducationUSA, huduma ya ushauri ya serikali ya Marekani, haitozi kitu. Wakala anayekuahidi nafasi kwa malipo mkwepe.

Ukikubaliwa, chuo hukutumia fomu ya I-20, hati unayoombea viza ya mwanafunzi. Unalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, kisha 185 za ombi la viza. Angalia kwanza kama nchi yako imewekewa vizuizi: Burundi iliwekewa Juni 2025, viza za wanafunzi zikiwamo, na orodha hiyo imeongezwa baadaye. Ukikwama, omba chuo kikuahirishie mwaka mmoja, na upate kwa maandishi kwamba msaada wa fedha nao utakungoja.