Chakula dawa bila mchezo hakitoshi

Mtoto mwenye utapiamlo huwa mnyonge: halii, hachezi, basi anaachwa mgongoni kutwa mama akiuza ndizi sokoni Mbuyuni. Watu husema ni mpole. Si upole, ni njaa, na ubongo unakosa chakula na mazungumzo kwa pamoja. Tenga dakika 15 hadi 30 kila siku: kaa naye uso kwa uso, mpe kopo la plastiki lenye kifuniko (vizibo vya soda hapana, vinakaba), taja kila anachoshika. Chakula dawa (ile pakiti ya siagi ya karanga yenye virutubishi anayopewa kliniki kutibu utapiamlo) kwanza, mtori baadaye, tena kwenye bakuli lake. Akichangia sahani na kaka zake hujui kala vijiko vingapi. Asilale kwenye moshi wa kuni, kikohozi hukata hamu ya kula.