Neno la Kikantoni usilolijua: usilipasue herufi kwa herufi

Wewe unayejifunza Kikantoni, ukikutana na neno geni usikimbilie kutafsiri kila herufi. Chukua 論盡, leon6 zeon6. Herufi ya kwanza ni “kujadili”, ya pili “kumaliza”. Ukiziunganisha unapata mjadala uliokwisha, kumbe mtu anaambiwa hivyo akiangusha kikombe: mzembe wa mikono, hana ustadi. Kamusi ya Kimandarini nayo itakupoteza papo hapo, kwa hiyo tafuta ya Kikantoni yenye matamshi ya Jyutping, yaani yaliyoandikwa kwa alfabeti ya Kilatini na namba ya toni mwishoni mwa kila silabi.

Halafu usiandike neno likiwa pweke daftarini. Andika sentensi nzima, na namba za toni usiziache (toni ni sita, na ukikosea moja umesema jambo jingine). Mimi 孤寒, gu1 hon4, lilikuwa halikai kichwani. Herufi zake ni “upweke” na “baridi”. Nikaandika 佢好孤寒, keoi5 hou2 gu1 hon4, na kando yake: “huyu ana mkono wa birika.” Bahili, basi. Tangu siku ile sijalisahau, na nikilisikia huwa namwona yule jamaa anayejipapasa mifukoni bili ikifika.