Wapiga mishale wa Dwarf Fortress: funga mlango kwanza

Juma lililopita mpwa wangu wa Langoni alinijia na laptopu kwapani. "Mjomba, hawa mbilikimo wa pinde ni bure kabisa. Wote kumi wamekufa na ukuta umesimama vilevile." Nikamwambia kaa hapo barazani, fungua tuone. Mimi mwenyewe Dwarf Fortress, gemu ya kompyuta ya kuongoza mbilikimo wanaojenga ngome, ilinitesa usiku tatu kwa kosa lilelile.

1. Pinde na podo

Upinde wa kufyatulia wa mbao au wa mfupa watosha. Upinde wa chuma hauongezi nguvu ya mshale. Faida yake ni pale mbilikimo anapougeuza rungu, na sisi hatutaki afike huko. Kila mmoja apate podo la ngozi.

2. Mishale

Gogo moja latoa mishale 25, na pande moja la madini pia 25. Mfupa mmoja watoa 5 tu. Ingia kwenye ukurasa wa mishale wa kikosi, ya mbao na mifupa uiwekee alama ya mazoezi peke yake, ya madini alama ya vita peke yake. Usipotenganisha, watamalizia chuma cha pua kwenye shabaha, na magoblini (maadui wa gemu hii) wenye deraya wakija utawapiga kwa vijiti. Wawindaji nao wana fungu lao kwenye ukurasa huohuo, lipunguze.

3. Uwanja wa mazoezi

Weka shabaha, tenga eneo, chagua upande wa kupigia, kisha likabidhi kikosi. Basi.

4. Tundu za kupigia, na mlango

Hapa ndipo walipofia wale kumi.

Lainisha ukuta wa mawe, kisha uchonge tundu. Mpiga mishale asimame akiwa ameligusa tundu. Akikaa nyuma hatua kadhaa, mishale yake yaweza kugonga ukuta wake mwenyewe. Adui naye akilifikia tundu kwa nje hupiga ndani vizuri tu, kwa hiyo chimba handaki mbele ya tundu. Ngome yetu ya Lamu ilijengwa toka 1813 hadi 1821. Ya mpwa wangu ilijengwa usiku mmoja bila handaki, na ilionekana.

Lakini kukosa handaki siko kulikowaua. Nilimwuliza, "Uliwaamuru nini?" Akasema, "Niliwaambia waue." Hapo! Ukimwamuru mbilikimo amuue fulani, humfuata. Kama kuna njia ya kumfikia, ngazi, mlango ulioachwa, daraja lililoshushwa, ataishika, atoke na upinde wake mbele ya mashoka. Sasa fanya hivi: waamuru wasimame mahali, yaani kwenye safu ya sakafu iliyo nyuma ya tundu. Wakiona adui kutoka pale watapiga wenyewe bila kuambiwa. Kisha hesabu kama wote wamefika (wangu mmoja alikuwa bado yuko kwenye pombe), na ufunge mlango wa mnara wenye tundu hizo kwa kufuli. Kufunga kwa kurudisha tu hakutoshi, wataufungua.

Kwa nini kufuli, na amri umeshaibadilisha? Kwa sababu ya podo tupu. Mishale ikimwishia, mbilikimo hakumbuki kwamba yeye ni mpiga mishale. Hushika upinde kama nyundo na kukimbilia vitani. Mlango uliofungwa ndio pekee utakaomzuia.

Tahadhari: waliofungiwa hula, hunywa na kulala kama wengine. Weka ghala dogo la chakula na mapipa ndani ya mnara, na rundo la mishale ya vita hapohapo. Mimi mara ya kwanza niliokoa ngome nzima halafu nikaua kikosi kwa kiu.

5. Baada ya vita

Mishale iliyopigwa hubaki chini ikiwa imepigwa marufuku kuguswa. Ndiyo sababu ghala lako huonekana tupu ilhali uwanja umejaa mishale. Ondoa marufuku kwa mkono, au uzime amri ya kudumu inayoipiga marufuku. Usiizime katikati ya mapigano, maana wabebaji watatoka kuokota mshale mmoja mmoja miguuni mwa magoblini.

Mpwa wangu alijaribu tena jioni ile. Wanane walibaki. Wa tisa na wa kumi hawakuwahi kuingia mnarani; alifunga kufuli bila kuhesabu.