Somo: Kuzioanisha spika za rafu na sabufa katika sebule zetu za Mwanza

Wakuu, habari za jioni. Somo la leo ni la wale wenye spika ndogo za rafu, zile za wufa (spika ya sauti nene) ya inchi 5 au 6, walioongeza sabufa na sasa wanasikia vitu viwili: muziki mbele yao na mngurumo pembeni. Kipimo changu ni kimoja. Ukifumba macho, usiweze kunyoosha kidole na kusema besi inatoka pale. Sabufa iliyokaa sawasawa unaijua siku ukiizima.

Tuelewane kwanza: nazungumzia boksi linalojitegemea, lenye ampu (amplifaya) yake ndani na waya wake wa umeme. Zile seti za boksi na spika mbili zinazouzwa pamoja zimeshapangwa kiwandani, hazina mengi ya kurekebisha.

Jambo la pili ni nyumba zetu. Video nyingi za mafunzo haya zimerekodiwa kwenye nyumba za mbao na kuta za jipsamu, kuta ambazo hutikisika na kumeza sehemu ya besi. Sisi tunajenga kwa tofali la simenti na sakafu ya zege, na ukipanda Isamilo au Mabatini unakuta nyumba imekaa juu ya jabali lenyewe. Besi ikigonga ukuta wa namna hiyo inarudi karibu yote. Sebule yenye mita 4 toka ukuta hadi ukuta hulimbikiza sauti ya karibu 43 Hz (Hz ni mitetemo kwa sekunde, namba ikiwa ndogo sauti ni nene zaidi), ya mita 5 karibu 35 Hz. Ndiyo maana kwenye kochi besi inakera, ukisogea hatua mbili imepotea. Hapo hata ununue sabufa ya bei gani, mahali ulipoiweka ndipo panapoamua.

Hatua ya 1: Spika zenyewe kwanza. Zima sabufa. Twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, spika ziachane na ukuta wa nyuma angalau kiasi cha shubiri mbili, na umbali kati yake ukaribiane na umbali wa kila moja hadi kwako. Kisha tafuta kwenye karatasi ya spika zinashuka hadi Hz ngapi. Tuseme imeandikwa 60 Hz. Ikumbuke namba hiyo.

Hatua ya 2: Nyaya. Ampu yenye tundu la SUB OUT, waya mmoja wa RCA unatosha. Isiyo nalo, angalia kama sabufa ina matundu ya kupokea nyaya za spika. Unatoa nyaya kwenye vituo vilevile vya spika za ampu, kulia na kushoto, unazipeleka kwenye sabufa. Ampu haielemewi, kwa sababu sabufa haili nguvu yake, inasoma tu mawimbi. Angalizo: ampu nyingine za kidijitali hazitaki kabisa hasi zake ziunganishwe pamoja au ziguse ardhi. Soma kitabu chake au muulize fundi kabla.

Hatua ya 3: Mahali. Sogeza kochi unalokalia, weka sabufa palepale unapokaa. Naam, juu ya kochi kama ni jepesi. Piga wimbo wenye gita la besi linalotembea, dansi la zamani linafaa sana, kisha wewe piga magoti, pita taratibu kando ya kuta, kichwa kikiwa chini. Kuna sehemu utasikia noti moja inavimba na nyingine hazipo. Kuna sehemu noti zote zinasikika zikiwa na uzito unaokaribiana. Weka alama hapo kwa chaki, na sabufa ihamie hapo. Njia hii inafanya kazi kwa sababu chumba kinaitendea sauti jambo lilelile, iwe inatoka kwako kwenda ukutani au ukutani kuja kwako. Watoto watakucheka ukitambaa. Endelea.

Pembe ya chumba huongeza nguvu ya besi, lakini kwa kuta zetu mara nyingi huongeza kupita kiasi. Fanya zoezi hili madirisha yakiwa katika hali unayoyaacha siku zote, maana dirisha wazi hupunguza besi chumbani.

Hatua ya 4: Krosova, yaani namba ya Hz ambapo spika zinaiachia sabufa kazi ya besi. Ukiwa na risiva ya sinema, kwenye mipangilio yake iambie spika zako ni ndogo (Small), weka krosova 80 Hz, halafu kitufe cha krosova nyuma ya sabufa kizungushe hadi mwisho ili vichujio viwili visikatane. Kama ampu ni ya kawaida ya stereo, spika zitaendelea kupiga masafa yote, hivyo kitufe cha sabufa kianzie kwenye ile namba ya hatua ya 1 au chini yake kidogo. Usizidi sana 80 Hz. Kuanzia hapo kupanda, sikio linaanza kujua sabufa iko wapi, na sauti za waimbaji wanaume zinaanza kutokea kwenye boksi.

Hatua ya 5: Fezi, yaani kuhakikisha spika na sabufa zinasukuma hewa kwa wakati mmoja. Hatua hii inarukwa na wengi, na kwangu ndiyo moyo wa somo. Wimbi la 80 Hz lina urefu wa mita 4.3 hivi. Sabufa ikiwa mbali nawe kwa mita 2 zaidi ya spika, sauti yake inakufikia nusu wimbi nyuma. Spika inasukuma hewa, sabufa inaivuta, kama wapiga kasia wawili wa mtumbwi mmoja, huyu akipiga mbele, yule nyuma. Besi inafutika palepale zinapokutana, na wewe unadhani sabufa haina nguvu, unaiongezea sauti, sasa zile noti za chini kabisa zinavuruga nyumba.

Tiba yake haina gharama. Tafuta kwenye simu programu ya kutoa mlio wa masafa, weka masafa yaleyale ya krosova, spika na sabufa zipige pamoja kwa sauti ya wastani. Kaa mahali pako, tulia. Mwombe mtu akae nyuma ya sabufa abadilishe swichi ya 0 na 180 huku wewe umefumba macho. Upande unaosikika kwa nguvu zaidi ndio sahihi. Kama badala ya swichi kuna kitufe cha kuzungusha, akizungushe polepole hadi useme simama.

Hatua ya 6: Sauti ya sabufa. Mwisho, siyo mwanzo. Ishushe hadi sifuri, piga muziki, panda taratibu mpaka uitambue, kisha rudi nyuma kidogo. Nyuzi nne za gita la besi zikiwa wazi ni takriban 98, 73, 55 na 41 Hz. Krosova ikiwa 60, uzi wa 98 na wa 73 unabebwa zaidi na spika, wa 55 na wa 41 unabebwa zaidi na sabufa. Sikiliza mpigaji akishuka nyuzi hizo. Asipungue wala kuvimba anapovuka. Noti moja pekee ikiruka, hicho ni chumba, rudi hatua ya 3, sogeza hata nusu mita.

Ukishamaliza, zungusha mlio taratibu kutoka 20 hadi 120 Hz huku unatembea ndani. Utasikia vioo vya kabati la vyombo, silingi bodi, pengine bati. Vipande vya tyubu ya baiskeli chini ya vioo vinanyamazisha mengi.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Nyegezi: Shikamoo mwalimu. Nikiunganisha RCA kunakuwa na mvumo hata muziki ukizimwa.

Marahaba. Huo ni mvumo wa umeme wetu wa 50 Hz unaozunguka kwenye nyaya. Chomeka ampu na sabufa kwenye ekstensheni moja, tenga waya wa RCA na nyaya za umeme. Ukibaki, chomoa king'amuzi waya wa antena uone. Usikate pini ya ethi hata kidogo, hiyo inalinda uhai wako.

Dada wa Nyakato: Jirani zangu tumepakana ukuta. Nina haki ya kusikiliza besi usiku?

Dada, besi inapita kwenye tofali, hata ukiweka raba chini ya boksi. Jaribu kuileta sabufa karibu kabisa na kochi, nyuma au ubavuni, kisha shusha sauti yake sana. Wewe utasikia vilevile, jirani atapokea kidogo. Krosova iwe chini, na rudia hatua ya 5 maana umbali umebadilika.

Mdau wa Buzuruga: Nimepata sabufa ya mtumba, nyuma imeandikwa 120V.

Usiichomeke. Umeme wetu ni 230V, itaungua hapohapo. Angalia kwanza kama ina swichi ya 115/230. Haina? Tafuta transfoma ya kushusha, yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa kwenye sabufa. Za Japani ni 100V, transfoma yake ni nyingine. Na kabla hujalipa, bonyeza kwa kidole ukingo wa sponji unaozunguka wufa. Ukimeguka, hesabu na gharama ya fundi.

Kaka wa Kirumba: Nina banda la samaki karibu na Mwaloni, liko wazi pande tatu. Besi haisikiki.

Hapo huna kuta za kukusaidia, inakimbilia ziwani yote. Ibandike kwenye ule ukuta mmoja ulionao, chini sakafuni, panapokaribiana na spika. Krosova ipandishe hadi 90 au 100, usitegemee noti za 35 Hz. Ikianza kugonga ndani kwa kishindo kikavu, shusha mara moja, koili, ule waya uliosokotwa unaosukuma wufa, inafika mwisho. Na mvua ikianza kupiga kutoka ziwani, iwe ya kwanza kuingizwa ndani.